Oguttu na Kengele ya Kuita Majembe

Kwa miaka thelathini na miwili kijiji chetu hapa Bulumbi kiliitwa kazini na mtu mmoja juu ya baiskeli. Hakuna aliyemchagua wala aliyemlipa, na kwa kuwa hakulipwa, hakuna aliyepata njia ya kumfukuza.

Jina lake Oguttu. Ana miaka sabini na mmoja, mwembamba kama mpini, na huvaa kofia ya sufu hata Januari, mwezi ambao kuku wenyewe hutafuta kivuli. Baiskeli yake ni ya zamani kuliko barabara anayoipita. Kengele yake hulia kana kwamba kuna mtu anadondosha vijiko jikoni.

Siri yake, kama ni siri, ni kwamba hakuwahi kuita kijiji. Aliita nyumba. Jioni ya kuamkia siku ya kazi alizunguka boma baada ya boma, akasimamisha baiskeli bila kushuka, mguu mmoja chini, akapiga kengele mara mbili. Wasamia aliwasalimia mulembe, Waiteso yoga, na wenye maduka Kiswahili. Kisha alitaja jina na chombo.

"Omoding, sepetu! Ile yako, si ile ya shemeji yako!"

"Mama Sumayah, beseni mbili!"

"Taaka, beseni, na mdomo uache nyumbani!"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameshaondoka, na majirani walikuwa wameshasikia. Mtu aliyetajwa kwa jina lake na kwa chombo chake, mbele ya watu, kesho yake atasema nini? Kwamba hakujua? Kwamba hana beseni? Oguttu alijua beseni za kijiji kizima, zilizotoboka na nzima, kama mwalimu wa zamu anavyojua watoro.

Ufundi huo aliutoa mpakani Busia. Alipokuwa kijana alikuwa boda, na boda siku hizo ilikuwa baiskeli: keria yenye mto wa sponji uliovishwa kitambaa cha maua, na abiria ameukalia upande upande, mzigo magotini. Kazi ilikuwa kuvusha watu kutoka geti la Uganda hadi geti la Kenya, katikati mle ambamo ardhi haikuwa ya mtu, na ndiyo sababu ilikuwa na watu wengi kuliko nchi zote mbili. Aliyepiga kelele tu hakupata abiria. Aliyepata ni yule aliyemtazama mama anavyofunga lesu, akakisia kwao ni wapi, akamwita kwa lugha ya kwao kabla wengine hawajafungua kinywa. Oguttu anasema alikosea mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo alioa.

Abiria wake wa kudumu alikuwa Taaka, mama wa kijiji hiki hiki. Taaka alivuka kwenda Kenya asubuhi akiwa mwembamba na kurudi mchana akiwa mnene, sukari imefungwa kiunoni na vipande vya sabuni vimepangwa mgongoni, gauni lake la gomesi likiwa limefunika yote kwa heshima. Siku moja afisa wa forodha alimtazama kwa muda mrefu.

"Mama, wewe unanenepa haraka sana."

"Ni hewa ya Kenya, afande. Hata wewe ingekusaidia."

Afisa alicheka, na mtu wa forodha akishacheka huwa ameshapitisha mzigo. Oguttu alikanyaga pedali kama mwizi, na kwa kweli alikuwa nusu yake. Ukienda Busia leo utaona malori yamepanga foleni mpaka unasahau mkia wa foleni ulipo, na jengo moja la vioo ambamo nchi mbili zinagonga mihuri dirisha kwa dirisha. Kila kitu kimenyooka. Hakuna anayenenepa tena njiani. Oguttu husema mambo yamekuwa mazuri, na akisema hivyo hutazama pembeni.

Pikipiki zilipokuja, aliacha. Hakushindwa, anasisitiza, alipitwa.

Wakati huo kengele ilikuwa imeshapata kazi nyingine. Mwaka wa themanini na nane tuliamua kuijengea chemchemi iliyo chini ya boma la Taaka. Saruji ilitoka Tororo, na Oguttu ndiye aliyeileta kwa baiskeli, mfuko mmoja kila safari, huku mwamba wa Tororo ukimwangalia mgongoni kama askari asiye na haraka. Saruji ilipofika, hapakuwa na watu. Kila mmoja alidhani wengine wameshakwenda. Ndipo Oguttu alipozunguka boma kwa boma, akiita kama alivyoita abiria, na kesho yake watu wakajaa hadi ikabidi wengine warudishwe. Taaka, aliyekuja na beseni na mdomo, alikanyaga sakafu mbichi kabla haijakauka, akaacha unyayo wake wa kulia mbele ya bomba. Waligombana siku hiyo hadi jua likazama. Waliendelea kugombana kuhusu unyayo huo miaka thelathini na minane, na kwa jinsi walivyokuwa wakicheka, nadhani hakuna kati yao aliyetaka ugomvi uishe.

Ule mwaka wa ugonjwa, watu walipokatazwa kukusanyika, mwenyekiti wa kijiji alimwambia Oguttu asimamishe kengele kwa muda. Oguttu akasimamisha. Muda ukapita. Soko likafunguliwa, kanisa na msikiti vikafunguliwa, na baa, ambayo haikuwa imefungwa sana, nayo ikafunguliwa. Hakuna aliyerudi kumwambia kwamba muda umekwisha, naye si mtu wa kujirudisha mwenyewe. Alikaa miaka sita. Majani yakameza chemchemi, mfereji wa kutolea maji ukaziba, na akina mama wakawa wanachota asubuhi sana kabla ng'ombe hawajavuruga tope.

Hapo ndipo vijana walipoingia.

Mwenyekiti wao alikuwa Juliet, mjukuu wa Taaka, aliyerudi kutoka chuoni Tororo akiwa na cheti na hasira ya kufanya kitu. Katibu alikuwa John Paul, anayeandika vizuri hata kama hakuna cha kuandika. Mtu wa usafiri alikuwa Abdunoor, kwa sababu baba yake ana pikapu. Walikutana kwenye baraza la duka la baba huyo Jumapili nne mfululizo. Waliupa mradi jina refu, na wakaunda kamati ndogo tatu, mojawapo ya picha. Halafu wakafungua grupu la WhatsApp. Watu thelathini na mmoja waliahidi kuja kwa kuweka kidole gumba, kile cha njano.

Walikuja wanne. Watatu ni wao wenyewe, na wa nne alikuja kuuliza kama tisheti zimefika. Na kwa kuwa tangazo lilisema "njooni na vifaa", wote wanne walikuja na fyekeo. Walifyeka majani vizuri sana, wakapiga picha. Lakini majani hayakuwa tatizo la chemchemi. Tatizo lilikuwa tope, na tope halifyekwi.

Hawakukata tamaa, nawapa hilo. Walipanga upya: Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, kabla mvua hazijakaza. Safari hii kungekuwa na hema, mheshimiwa mmoja wa kualikwa, na tisheti zilizoandikwa mgongoni TUJITOLEE, 14 MACHI. Juliet mwenyewe alikwenda kumwalika Oguttu, ambaye alimwita Kuka, kama wajukuu wa hapa wanavyoita babu.

"Kuka, tumekuwekea kiti mbele kabisa. Upande wa wazee."

"Kiti cha kufanya nini?"

"Cha kukaa, Kuka. Upumzike, utuangalie."

Oguttu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Na watu nani ataita?"

"Grupu lipo, Kuka. Wote wameshaambiwa."

"Wote," alisema Oguttu. "Huyo Wote namjua. Hajawahi kuja."

Jioni ile aliikokota baiskeli hadi kwa Taaka. Nilikuwapo, nimekwenda kuomba mbegu za maharage, kwa hiyo niliyasikia. Taaka alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta mtama. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Umeletewa kiti, nasikia," alisema Taaka kabla ya salamu.

"Cha plastiki."

"Basi kalia. Watu wanakutana kwenye kura wanapigana kwa ajili ya kiti, wewe umeletewa hadi nyumbani unanuna."

"Taaka, si kiti."

"Najua si kiti. Wewe unaogopa."

Taaka aliendelea kupepeta, makapi yakiruka yakimwangukia mgeni kwenye kofia.

"Unaogopa ukiita sasa hivi hawatakuja. Ndiyo maana umekaa miaka sita unamsingizia mwenyekiti. Bora usiite, ili usijue."

"Vijana hawanijui."

"Mimi nakujua. Sasa sikia. Mimi nikifa, sitaki kutangazwa na kile kidole gumba. Uje kila mlango, na kengele, uite jina na chombo. Na chemchemi yangu muitengeneze, mguu wangu uko pale chini unaoza kwa tope."

"Mguu uliharibu kazi ya siku nzima."

"Ndiyo kitu pekee pale ambacho hakijapasuka!"

Oguttu alicheka hadi akashika keria. Akaondoka akisema watazungumza Jumapili.

Taaka alifariki Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mradi.

Hapa kwetu, mtu akiwa amelala hajazikwa, hakuna jembe linalogusa ardhi ila la kaburi. Hakuna sheria iliyoandikwa. Lakini mwanakijiji anayelima shambani kwake wakati jirani yuko sebuleni kwenye jeneza anajua kwamba siku yake ikifika watu watakuwa na shughuli. Kwa hiyo mradi ulikufa siku moja na Taaka. John Paul aliandika kwenye grupu kwamba, kutokana na hali isiyozuilika, shughuli imeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa. Mheshimiwa alituma rambirambi haraka isiyo ya kawaida. Hema, kwa kuwa lilikuwa limeshakodiwa, lilihamishiwa msibani. Juliet alikaa chini ya hema hilo hilo, mwenyekiti na mfiwa, macho mekundu, akiwa ameshika simu ambayo haikuwa na mtu wa kupigiwa. Kwenye grupu, vidole gumba vilishaanza kuwekwa chini ya tangazo la kifo.

Ijumaa jioni Oguttu aliisukuma baiskeli hadi njiani. Alipaka kengele mafuta ya taa. Alisimama pale muda mrefu, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha akapanda.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kina Obore. Alipiga kengele mara mbili. Sauti ilipotoka ilikuwa imepasuka, kama bomba lenye hewa.

"Mulembe! Taaka tunamzika kesho. Obore, jembe. Lile la mpini mfupi, linafaa pembeni."

Pazia la mlango lilitikisika, labda na upepo. Oguttu alingoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Hakutoka mtu. Akakanyaga pedali akaondoka, na waliomwona njiani wanasema alikuwa mdogo kuliko baiskeli.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Omoding.

"Yoga! Omoding, sepetu. Ile yako."

Omoding alitoka na sahani ya viazi mkononi, akatafuna kwanza.

"Oguttu! Nilidhani kazi uliacha."

"Nilisimamishwa."

"Na nani?"

"Hata sijui tena."

"Ile ya shemeji ilishavunjika," alisema Omoding. "Nitaleta yangu. Na huyu kijana wangu mbona hukumwita? Ana mikono."

"Sijui chombo chake."

"Karai. Mwite."

Oguttu alimwita. Kijana wa Omoding, ambaye alizaliwa kengele ikiwa bado inalia lakini hakuwahi kutajwa, alitoka nje anatabasamu kama aliyeitwa kwenye redio. Toka hapo sauti ilianza kurudi. Kwa Mama Sumayah ilikuwa imeshafika hadi ng'ambo ya barabara. Giza lilipoingia alikuwa amezimaliza nyumba zote, ila moja. Kwenye boma la Taaka alipita bila kupiga kengele.

Jumamosi walikuja. Sitaki kusema walikuwa wangapi. Walikuwa wengi kiasi kwamba wachimbaji walipokezana kila baada ya muda mfupi, na bado watu wenye majembe walikuwa wamesimama wakiyaegemea. Obore alikuja wa kwanza na jembe la mpini mfupi. Alisema jana alikuwa akioga, na mtu hatoki uchi kuitika. Vijana walikuja wakiwa wamevaa tisheti, kwa kuwa ndizo nguo zao mpya, na hivyo Taaka alizikwa mbele ya migongo thelathini iliyoandikwa TUJITOLEE, 14 MACHI. Tarehe, ukiangalia, ilikuwa sahihi.

Mazishi yalikwisha saa tisa. Kaburi likajazwa, udongo ukapigwa bapa, mchungaji akafunga kitabu. Kilichobaki ni kuosha majembe. Jembe lililochimba kaburi halirudi nyumbani na udongo wake; huoshwa kwa maji yanayotiririka, na mwenye jembe huosha miguu, ndipo anaweza kwenda kula. Na maji yanayotiririka kwa upande wetu ni pale chini kwenye chemchemi, kwenye mfereji wake wa kutolea.

Watu wakateremka kwa mstari, wakafika, wakasimama.

Maji hayakuwa yakitiririka. Mfereji ulikuwa umeziba miaka mingi. Palikuwa na dimbwi la tope zito, majani yaliyofyekwa vizuri yakiwa yameozea juu yake, na vyura waliotutazama kama sisi ndio wageni. Aliyetangulia alitia jembe akalitoa chafu kuliko lilivyoingia. Wa pili naye. Nyuma yao mstari ulikuwa umerefuka hadi kwenye migomba, kila mtu na chombo chake begani, hakuna anayeweza kwenda mbele, hakuna anayethubutu kurudi nyumbani.

"Sasa tutaosha wapi?" aliuliza Abdunoor, ambaye alikuja kuzika kama jirani na viatu vyake vilikuwa vipya.

Wote walimgeukia Oguttu. Alikuwa amesimama kando, ameshika baiskeli. Aliwatazama mmoja mmoja, kofia, uso, chombo. Nadhani alikuwa akihesabu majembe, sepetu, karai na beseni, na nadhani aliona kwamba vyote vipo, kwa idadi inayotosha, kwa sababu alikuwa amevialika yeye mwenyewe.

"Taaka ameshazikwa," alisema. "Ardhi imeachiwa. Omoding, mfereji. Anza kule chini, usianze hapa, utatumwagia. Obore, pembeni. Wenye beseni, mstari."

Halafu, baada ya kukohoa: "Juliet, wewe kaa."

"Sikai, Kuka," alisema Juliet, ambaye alikuwa tayari amevua viatu.

Kazi ilichukua muda uliobaki wa mchana. Mfereji ulipozibuka, maji yalishuka kwa mkupuo, na watu wakapiga kelele kama timu imefunga bao, msibani, bila aibu. Bomba lilifukuliwa likaanza kutoa maji ya rangi ya chai, kisha ya rangi ya uji, kisha maji. Saruji ya Tororo ilikuwa imepasuka kila mahali. Mbele ya bomba tu, palipofutwa tope na kuoshwa, palikuwa pazima, na katikati yake unyayo wa kulia wa mwanamke, mpana, wenye kidole kidogo kilichokaa mbali na wenzake.

Juliet alichuchumaa akautazama. Kamati ya picha ilikuwapo, simu mifukoni. Hakuna aliyetoa. John Paul alisema baadaye kwamba alisahau, na siku hiyo hakuandika chochote.

Oguttu alifika mwisho, akauangalia unyayo kutoka juu.

"Siku nzima ya kazi," alisema. Akageuka kwenda kuosha miguu.

Wiki iliyofuata walikubaliana kujenga upya sakafu iliyopasuka, ila kipande kile. John Paul alitangaza kwenye grupu, kisha, bila kuambiwa na mtu, akaenda kwa Oguttu na karatasi yenye majina ya nyumba zote na vyombo vyao. Oguttu aliisoma yote, akasahihisha beseni mbili, akamrudishia.

Ijumaa jioni kengele ilizunguka. Ilipofika kwenye boma la Taaka ilipigwa mara mbili. Juliet aliyekuwa jikoni alingoja jina. Halikuja. Akatoka na beseni ya bibi yake, ile ya bluu yenye kiraka, akamkuta Oguttu mguu mmoja chini, anatazama barabarani.

"Kuka, mbona huniiti?"

"Nilikuwa nameza mate."

"Basi niite."

Oguttu alipiga kengele tena, mara mbili, ili iwe rasmi.

"Juliet," alisema kwa sauti iliyofika kwa jirani, "beseni. Na mdomo."